Gharama Isiyoandikwa

Kila nipitapo Matsangoni, kati ya Kilifi na Malindi, hulikumbuka neno "gharama". Tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni faini, au hasara anayotwikwa mtu. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilianza kutengenezwa na kampuni ya GSK mwaka 1987. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto wa Afrika mwaka 2021. Kufikia 2015 kampuni ilitaja zaidi ya dola milioni 350 za kwake, na Wakfu wa Gates zaidi ya milioni 200.

Sibishani na hesabu hizo. Lakini jaribio la 2009 hadi 2014 lilihusu watoto 15,459 katika nchi saba, na Kilifi ilikuwamo. Watoto hao walibebwa na nani? Siku ya mama aliyeliacha jembe shambani imo safu gani ya hesabu? Hata R21, chanjo ya pili iliyopendekezwa 2023, ambayo dozi yake ilitajwa kuwa dola 2 hadi 4, ilijaribiwa Kilifi vilevile.

Walimu wa hesabu, mtoto huhitaji dozi nne. Wapeni wanafunzi wakadirie: safari ngapi, nauli kiasi gani, vibarua vingapi vilivyopotea?