Bonasi ya Kasino: Ni Zawadi au ni Mtego?

Zamani mtu aliyetaka kucheza kamari alilazimika kuifuata iliko, na huenda njiani akakutana na mzee wa mtaa, akaona haya, akarudi. Leo kamari imemfuata mtu mpaka kitandani mwake, imo ndani ya simu yake. Mzazi hudhani kijana anazungumza na wenzake, kumbe anatazama gurudumu likizunguka.

Akikanywa, kijana huyo hutoa hoja mbili. Ya kwanza: "Mimi sibahatishi, nina njia yangu ya hesabu." Ya pili: "Fedha si yangu, nimepewa bonasi na kasino yenyewe." Hoja hizi yafaa tuzijibu kwa hesabu kwanza, kisha kwa dini, asije akasema kwamba twamkataza jambo tusilolijua.

Njia inayosifiwa sana ni ile ya kuongeza dau maradufu. Mchezaji wa ruleti huweka shilingi 100 juu ya rangi nyekundu. Akishindwa huweka 200, kisha 400, kisha 800, akiamini kwamba nyekundu haina budi kutokea, naye atarudishiwa yote aliyopoteza pamoja na faida ya 100. Lakini gurudumu halikumbuki lililopita. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, rangi nyeusi ilitokea mara 26 mfululizo, na waliozidi kuweka fedha juu ya nyekundu walipata khasara kubwa.

Tena gurudumu la namna hiyo lina vyumba 37: vyekundu 18, vyeusi 18, na kimoja cha sifuri. Sifuri hiyo ndiyo pato la mwenye kasino, kwani katika kila shilingi 37 zinazowekwa dau, moja kwa wastani hubaki kwake. Mtu aliye na shilingi 12,700 aweza kuongeza maradufu mpaka dau la saba tu. Kushindwa mara saba mfululizo humpata karibu mara moja katika kila majaribio 106. Basi atapata 100 mara 105, yaani 10,500. Kisha mara moja tu atapoteza 12,700. Hiyo ndiyo njia ya hesabu!

Sasa tuitazame bonasi. Tuchukue mfano wa masharti ya namna inayotumika sana. Kijana anaweka shilingi 10,000, naye anaongezewa 10,000. Lakini hawezi kuitoa bonasi hiyo wala faida yake mpaka aweke dau la jumla ya mara 30 ya bonasi, yaani 300,000. Kwa wastani ule wa moja katika 37, khasara yake itakuwa 8,100 na kitu. Zawadi imekwisha kuliwa sehemu kubwa.

Sharti la pili hufichwa chini zaidi: ruleti haihesabiwi kamili. Mahali pengine haihesabiwi kabisa. Pengine huhesabiwa sehemu moja katika tano. Ikiwa ni hivyo, zile 300,000 zageuka kuwa 1,500,000, na khasara ya wastani ni zaidi ya 40,000. Kabla ya kufika huko, fedha ya kijana itakuwa imekwisha zamani.

Sharti la tatu ndilo linaloivunja njia yake. Maadamu bonasi ipo, dau lolote lisizidi kiasi fulani, tuseme 500. Ataweka 100, 200, na 400. Dau la nne ni 800, nalo limekatazwa. Akilithubutu, hunyang'anywa bonasi na faida yote. Akitii, mnyororo wake umekatika, na 700 zimepotea.

Sharti la nne ni muda. Akipewa siku saba, na kila dau lake likiwa 200 kwa wastani, atahitaji mizunguko 7,500. Kwa mzunguko mmoja kila dakika, hizo ni saa 125. Wiki nzima ina saa 168. Atalala lini? Atafanya kazi lini? Na zile sala tano atazisali wakati gani?

Hata Uingereza, ambako kamari inaruhusiwa na sheria, wasimamizi wake walitangaza mwaka 2025 kwamba sharti la kurudia dau lisizidi mara 10 ya bonasi, kwa kuwa masharti makubwa huwachanganya watu na kuwavuta wacheze kupita kiasi.

Ama katika dini yetu, hiba ni mali anayopewa mtu bila ya malipo, naye akiipokea huwa ni yake, aitumie apendavyo. Bonasi haitoki mkononi mwa mtoaji mpaka mpokeaji amekwisha kucheza kamari mara nyingi. Hiyo si hiba. Ni ujira wa kumtia mtu katika maasi, na ujira wenyewe halipwi! Katika Suratul Maida, Mwenyezi Mungu ametutaka tujiepushe na kamari, akatubainishia kwamba shetani huitumia kutia uadui baina yetu na kutuzuia na sala. Na hata kama hesabu ingekuwa ya faida, haramu isingegeuka kuwa halali.

Enyi wazazi, msianze kwa matusi. Kaeni na kijana, mchukue kalamu na karatasi, msome naye masharti yale moja baada ya moja, na mpige hesabu pamoja. Nawe kijana, ikiwa umekwisha kuingia, mlango wa toba u wazi. Mtume wetu (s.a.w.) alimwelekeza mtu aliyemwita mwenzake kwenye kamari atoe sadaka. Basi toa leo kidogo katika hicho kilichobaki, umpe mwenye haja, na uifute kasino katika simu yako kabla ya adhana ya Magharibi.