Zege Lisilotaka Maji

Machi ni mwezi wa aibu kwa wenye nyumba wa Minnesota. Theluji iliyofunika kila kitu tangu Novemba huanza kuyeyuka, na njia ya gari ya kila nyumba, ile inayotoka barabarani hadi mlango wa gereji, inaanikwa jinsi ilivyo. Yangu, iliyomwagwa upya kiangazi kilichotangulia, ilikuwa imebambuka kama kisigino kilichokosa mafuta. Nilichukua ufagio, nikazoa magamba ya saruji. Yalijaa ndoo mbili.

Nikamwita shemeji. Huyu alianza kubeba zege Mbagala akiwa kijana, na sasa kila mwaka, kuanzia Mei hadi Oktoba, anamwaga zege kwenye vitongoji vya Minneapolis. Alichuchumaa, akakwangua kwa ufunguo wa gari, kokoto zikabaki uchi.

"Shemeji, siku wanamwaga ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Dereva aliongeza maji?"

Aliongeza. Nilimwona akichomoa mpira, akapiga maji ndani ya lile pipa linalozunguka, zege likaanza kuteremka laini kama uji wa mgonjwa. Nami nilifurahi, nikijua kazi itakwisha kabla ya chakula cha mchana.

"Basi hizo ndoo mbili zilijaa siku ile ile," akasema.

Kampuni iliyofanya kazi ilipopigiwa simu ilijibu kwamba kosa ni chumvi niliyomwaga wakati wa baridi. Haikuwa imekosea kabisa, nitalifikia hilo. Lakini chumvi ilikuta mlango uko wazi.

Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi. Zege, hata likionekana gumu kiasi gani, limejaa vishimo na mifereji isiyoonekana kwa macho, na sehemu kubwa ya hiyo mifereji ni njia zilizoachwa na maji ya ziada yaliyokauka. Kishimo kikijaa maji zaidi ya asilimia 91, barafu ikizaliwa humo inakosa nafasi ya kupanukia, inasukuma kuta. Usiku mmoja haufanyi kitu. Kinachoua ni kuganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka. Watu wa huku hujisifu kwa baridi yao, na wana haki: tarehe 2 Februari 1996 mji mdogo wa Tower, kaskazini mwa jimbo, ulifika nyuzi 51 za Selsiasi chini ya sifuri. Ila zege halitishwi sana na baridi ya namna hiyo inayoganda mara moja ikakaa. Linachoka na Machi, mchana unapotiririka na usiku unapokaza, kila siku.

Dawa yake iligunduliwa kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1930, katika jimbo la New York, wahandisi waliona kwamba baadhi ya vipande vya barabara za zege vilistahimili barafu na chumvi huku vya jirani vikisagika. Walipofuatilia, walikuta saruji ya vile vipande imara ilisagwa kwa kuchanganywa mafuta ya ng'ombe ili kurahisisha usagaji. Mafuta yalifanya zege litoe povu dogo dogo, na povu lile lilibaki ndani kama vyumba vitupu. Maji yanayosukumwa na barafu yanapata pa kukimbilia. Miaka ya 1940 mtafiti wa Marekani, T. C. Powers, aliipigia hesabu siri hiyo: muhimu zaidi ni umbali kutoka kiputo hadi kiputo, ambao usizidi kama milimita 0.2. Leo kiwandani wanatia kemikali maalumu inayofanya kazi ya yale mafuta, na zege la nje katika nchi ya baridi huagizwa likiwa na hewa asilimia 5 hadi 8.

Mtu aliyekulia Dar es Salaam, ambako zege zuri ni lile lililoshindiliwa mpaka hewa yote ikatoka, husikia hili kama mzaha.

Juni tuliivunja njia yote, tukaanza na ardhi. Hapa ndipo fedha nyingi zinapozikwa na ndipo wateja wengi wanapobana. Tulichimba, tukaondoa udongo laini kama unga, tukajaza changarawe sentimita 15 na kuishindilia kwa mashine. Nilidhani ni kwa ajili ya uzito wa gari. Kumbe ni kwa ajili ya barafu ya chini. Mwaka 1930 mwanajiolojia Stephen Taber alieleza jaribio la ajabu: aligandisha udongo uliolowa benzini badala ya maji. Benzini husinyaa ikiganda, lakini udongo uliinuka vilevile. Kwa hiyo kuinuka kwa ardhi hakutokani hasa na maji kupanuka. Barafu inayojitengeneza chini ya uso hunyonya maji kutoka kina cha chini, inajiongeza tabaka juu ya tabaka, inabeba kila kilicho juu yake. Aliyepanda Kilimanjaro au Mlima Kenya na kutoka hemani alfajiri ameliona jambo hili kwa udogo: udongo umesimama juu ya vijiti vya barafu virefu kama kidole, na ukiukanyaga unavunjika kwa mlio. Changarawe ina mianya mipana, hainyonyi maji kwenda juu. Barafu inakosa chakula.

Hii ndiyo sababu pia ya ule ukanda mwembamba tuliouweka kati ya njia na sakafu ya gereji, wa nyuzinyuzi zilizolowekwa lami. Kanuni za ujenzi za Minnesota zinataka msingi ushuke inchi 42 kusini mwa jimbo, yaani zaidi ya mita moja, na inchi 60 kaskazini, chini ya kina kinachofikiwa na barafu. Nyumba imesimama huko chini, haitikisiki. Njia ya gari inaelea juu juu, inapanda wakati wa baridi na kushuka wakati wa joto. Ukivifunga pamoja, kimoja kitapasuka, na si nyumba.

Lori lilifika saa moja asubuhi. Kabla ya salamu shemeji aliomba karatasi ya mzigo, akaisoma kama hakimu: nguvu ratili 4,500 kwa inchi ya mraba, hewa asilimia 6, mifuko sita. Mfuko wao, kwa anayetaka kulinganisha, ni wa ratili 94, kama kilo 43, tofauti na wetu wa kilo 50. Akajaza ile koni ya chuma, akainyanyua, akapima zege limeshuka kiasi gani. Sentimita 10. Zito, la kusukumwa kwa nguvu za mgongo. Dereva aligusa mpira wa maji.

"Acha," shemeji alisema kwa Kiswahili. Dereva, ambaye hajui neno la Kiswahili, aliacha.

Walimwaga unene wa sentimita 12, wakavuta rula, wakasawazisha. Kisha zege likaanza kutoa jasho: maji yanapanda taratibu, uso unang'aa kama kioo. Saidia fundi, kijana mwenye haraka, alishika mwiko. Shemeji akamwambia akae. Tulikaa sote kwenye ndoo zilizogeuzwa, tukanywa chai ya chupa na chapati, tukiangalia zege likikauka. Karibu saa nzima. Nadhani ile saa ndiyo niliyoilipia, kwa sababu ukianza kusugua jasho likiwa juu, unalirudisha ndani, na ule unene mdogo wa juu, ambao ndio utakaokutana na chumvi, unageuka uji. Ndivyo ilivyobambuka ya kwanza.

Wala hawakutumia mwiko wa chuma kumalizia. Kwetu sakafu haijaisha mpaka ipigwe niru na kung'aa. Huku, kwa zege la nje, kung'arisha kwa chuma kunatoa vile viputo vya juu na kuziba ngozi wakati chini bado kunapumua. Wanatumia chombo chepesi cha magineziamu, halafu wanapitisha ufagio ili uso ubaki na mikwaruzo, mguu usiteleze kwenye barafu. Si pazuri kutazama. Nimezoea.

Jioni walikata mistari kila mita tatu, kwenda chini robo ya unene, ili zege likisinyaa lipasuke pale lilipoambiwa. Kisha wakapuliza dawa nyeupe ya kuzuia lisikauke haraka. Kazi hiyo hiyo mafundi wetu huifanya kwa magunia na kumwagilia maji asubuhi na jioni kwa siku saba, na shemeji anasema kwa hili walio Dar wanawashinda wengi wa huku, ambao huondoka mara tu fomu zikifunguliwa.

Sasa ile chumvi. Hushusha nyuzi za kuganda, hivyo maji yanabaki maji kwa muda mrefu zaidi, yanazama ndani zaidi, na idadi ya kuganda na kuyeyuka inaongezeka. Zege changa halina kinga. Baridi ya kwanza usitie chumvi kabisa, tumia mchanga. Na mbolea za amonia, ambazo wengine humwaga kwa kuwa zinayeyusha theluji, zinaila saruji yenyewe. Lakini hata usipomwaga punje, gari linakuletea: tope jeusi la barabara kuu lililogandamana nyuma ya magurudumu, linadondoka gereji ikifunguliwa. Kwa hiyo Januari yote mimi, mwenye shahada mbili, nilikuwa nje na koleo nikikwangua tope la gari saa nne usiku.

Jirani mwenye njia ya lami aliniuliza kwa nini najisumbua hivyo. Lami ni nafuu, inafuata ardhi ikiinuka, na weusi wake unayeyusha theluji mapema. Sikuwa na jibu la haraka. Na yeye kila baada ya miaka michache hushika ndoo na kupaka.

Machi iliyofuata nilitoka na ufagio ule ule. Nilizoa mchanga niliounyunyiza mwenyewe, majani makavu, na kijiwe kimoja laini chenye rangi ya kutu, kikubwa kama kunde, kilichoacha shimo la ukubwa huo huo karibu na gereji. Nilimtumia shemeji picha. Akajibu kwamba changarawe ya Minnesota ina vijiwe vinavyonyonya maji, vikiganda vinaruka, na hakuna fundi anayeweza kuvichambua vyote. Akauliza ndoo imefika wapi.

Nikampigia picha ya ndoo.