Asipungue Hata Mmoja: Mafunzo ya Ualimu Kutoka Filamu Tatu za Kigeni

Mwalimu hujifunza kazi yake kwa njia nyingi: kwa nadharia anazofundishwa chuoni, kwa kuwatazama walimu waliomtangulia, na kwa mazoezi ya kufundisha. Hata hivyo njia hizo zote zina upungufu mmoja. Zote humtazama mtoto tangu anapoingia darasani hadi anapotoka. Yaliyompata kabla ya kengele ya asubuhi, na yatakayompata baada ya kengele ya mwisho, hayaonekani na mtu aliyesimama mbele ya ubao. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Na mwalimu hulazimika kila siku kutoa hukumu juu ya vitanda asivyovilalia.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi filamu nzuri inavyoweza kumsaidia mwalimu mwanafunzi kukiona kile kisichoonekana darasani. Tutazichunguza filamu tatu zinazohusu watoto wa shule. Ya kwanza ni ya Kifaransa, ya pili ni ya Kiajemi, na ya tatu ni ya Kichina. Kila moja ilipata tuzo katika tamasha la filamu lenye sifa duniani. Nchi zake ni mbali na miaka yake imepishana, lakini zote zina shina moja: katika kila filamu yupo mtoto anayekaribia kupotea shuleni, na yupo mwalimu ambaye neno lake laweza kumzuia au kumsukuma. Ni dhahiri kwamba mtoto hapotei shuleni kwa siku moja. Hupotea kidogo kidogo, na kila hatua yake huacha alama ambayo mwalimu mwangalifu angeweza kuisoma.

Adhabu isiyouliza: Paris, 1959

Filamu iitwayo Les Quatre Cents Coups ilitengenezwa na François Truffaut, naye akapewa tuzo ya mwongozaji bora huko Cannes mwaka 1959. Jina lake ni msemo wa Kifaransa wenye maana ya kufanya utundu wa kila namna. Mhusika mkuu ni Antoine Doinel, mvulana wa mjini Paris, na aliyeigiza nafasi hiyo ni Jean-Pierre Léaud.

Filamu yaanza darasani. Wavulana wanapitishiana picha ya mwanamke kwa siri chini ya madawati. Picha inapita kwa wengi, lakini mwalimu anaiona ikiwa mkononi mwa Antoine, na Antoine peke yake ndiye anayesimamishwa pembeni. Akiwa huko anaandika ukutani kwamba ameonewa. Kwa kosa hilo la pili mwalimu anampa kazi ya sarufi akaifanye nyumbani, yaani kunyambua sentensi nzima katika nyakati zote za kitenzi.

Hapa kamera inafanya jambo ambalo mwalimu hawezi kulifanya: inamfuata mtoto hadi kwao. Tunaona nyumba ndogo ambamo Antoine hulala mahali finyu karibu na mlango. Tunamwona akiandaa meza ya chakula na kuteremsha takataka. Wazazi wanapofika na kelele zao, kazi ya sarufi haijakwisha. Kesho yake anaogopa kwenda shuleni bila kazi hiyo, na hapo ndipo utoro unapoanza. Anapotakiwa kueleza kwa nini hakufika, anasema uwongo mkubwa kuliko wote: kwamba mama yake amefariki dunia. Uwongo unagunduliwa, na baba yake wa kambo anampiga makofi mbele ya darasa zima.

Mwanachuo na afuatilie mnyororo huo kiungo kwa kiungo. Mwanzo wake ni kosa la wengi lililobebeshwa mmoja. Kiungo cha pili ni adhabu iliyohitaji meza, nafasi na utulivu, vitu ambavyo mtoto hakuwa navyo. Kila kiungo kilizaa kingine, na mwalimu aliona ncha tu za mnyororo: leo mtundu, kesho mtoro, keshokutwa mwongo.

Lipo tukio jingine linalomhusu zaidi mwalimu wa lugha. Antoine anasoma kitabu cha Balzac na kukipenda mno hata anamwashia mwandishi huyo mshumaa, kama mtu awashaye taa ya heshima. Anapopewa insha ya kuandika, maneno ya Balzac yanamjaa na kutiririka katika karatasi yake. Mwalimu anayatambua maneno hayo, anamwita mwizi mbele ya wenzake na kuamuru apelekwe kwa mkuu wa shule. Antoine anakimbia, na hatakanyaga tena darasa lile. Ni kweli kwamba kunakili ni kosa, na mwanafunzi hana budi kuelezwa hivyo. Lakini mtoto aliyekariri kurasa za mwandishi kwa kumpenda amekwisha kuvuka nusu ya safari ambayo kila mwalimu wa lugha hutamani wanafunzi wake waivuke. Swali moja tu lingetosha: "Maneno haya umeyapata wapi, na umeyapendea nini?" Baada ya jibu ndipo angefundishwa tofauti ya kuiga na kuiba.

Mwisho Antoine anaiba mashine ya kupiga chapa, anakamatwa wakati anairudisha, na anapelekwa katika kituo cha watoto wakosaji. Anatoroka, anakimbia hadi ufukweni mwa bahari, na picha ya mwisho inaganda usoni pake. Truffaut alilijua jambo hili kwa uzoefu, kwani mwenyewe aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14 na kuwahi kuwekwa katika kituo cha namna hiyo. Aliyemwokoa ni André Bazin, mhakiki wa filamu, ambaye alisomea ualimu lakini hakuruhusiwa kufundisha kwa sababu ya kigugumizi. Bazin alifariki mwezi Novemba 1958, wakati kazi ya kupiga filamu hii ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza. Filamu imetabarukiwa kwake.

Sikio lililozibwa: Koker, 1987

Filamu ya pili yaitwa Nyumba ya Rafiki Iko Wapi? Ilitengenezwa mwaka 1987 na Abbas Kiarostami, Mwirani aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika taasisi ya kukuza fikra za watoto na vijana nchini mwake. Mwaka 1989 ilipata Chui wa Shaba katika tamasha la Locarno, Uswisi.

Kisa chake ni chepesi kama hadithi ya jioni. Katika shule ya kijiji cha Koker, mwalimu anamkuta Mohammad Reza ameandika kazi ya nyumbani katika kikaratasi badala ya daftari. Anaichana, na anaonya kwamba akirudia atafukuzwa shule. Mtoto analia. Jioni jirani yake wa dawati, Ahmad, anagundua kwamba amechukua daftari la Mohammad Reza kwa bahati mbaya, kwa kuwa madaftari yao yanafanana. Mwenzake anakaa kijiji cha pili, Poshteh, ng'ambo ya kilima. Daftari lisipofika usiku huo, kesho rafiki atafukuzwa.

Ahmad anamweleza mama yake mara nyingi. Mama, aliyelemewa na kazi za nyumbani, anamjibu kila mara kwamba afanye kwanza kazi yake ya shule. Ahmad anatoroka, anapanda kilima kwa njia ya kupindapinda, na anaulizia nyumba ya rafiki bila kuipata. Babu yake anamtuma sigara ambazo hana haja nazo, kusudi amfunze utii tu. Kisha anawasimulia wenzake kwamba utotoni alikuwa akipewa na baba yake senti kila wiki na kipigo kila wiki ya pili, na kwamba senti ilisahauliwa mara nyingine, lakini kipigo kamwe.

Tusimhukumu haraka mwalimu wa Koker. Kanuni yake ya daftari ni njema. Kazi zikikaa mahali pamoja, maendeleo ya mwanafunzi huonekana. Upungufu ni kwamba kanuni ilikuwa na mdomo bila sikio. Katika kijiji kizima watu wazima wanamwamuru Ahmad, na karibu wote hawamsikilizi. Sisi husema samaki mkunje angali mbichi, na methali hiyo aghalabu hutajwa kutetea fimbo. Lakini mvuvi yeyote atakwambia kwamba samaki mbichi hukunjwa kwa mkono mwepesi, la sivyo huvunjika.

Usiku Ahmad anaiandika kazi ya Mohammad Reza pamoja na yake. Kesho anachelewa, anafika wakati mwalimu anakaribia dawati lao, na anamsukumia mwenzake daftari. Mwalimu anakagua na kusifu. Katikati ya kurasa limo ua dogo alilopewa Ahmad njiani na fundi mzee wa milango. Mwalimu haujui upande wa pili wa ukurasa ule anaoutia sahihi: kilima, giza, mbwa waliobweka, na mtoto aliyevunja kanuni ya shule ili haki itendeke. Je, Ahmad alidanganya? Swali hili lafaa sana kwa majadiliano ya wanachuo, kwani kila jibu lina gharama yake.

Hesabu ya nauli: Shuiquan, 1999

Filamu ya tatu, Asipungue Hata Mmoja, iliongozwa na Zhang Yimou na kupata Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice, mwaka 1999. Waigizaji wake hawakuwa wa kazi hiyo, na wengi walitumia majina yao wenyewe.

Mwalimu Gao wa shule ya kijiji anaondoka kwa mwezi mmoja kumwuguza mama yake. Anayeshika nafasi yake ni Wei Minzhi, msichana wa miaka 13. Gao anamwachia chaki zilizohesabiwa, na anamwahidi yuan 10 za ziada iwapo atakaporudi hakuna mwanafunzi aliyepungua. Mwanzoni Wei hafundishi. Hunakili somo ubaoni, kisha huketi mlangoni kulinda watoto wasitoroke. Huo ndio ualimu wa bawabu, nao si mgeni katika shule zetu wenyewe.

Kisha mvulana mtundu kuliko wote, Zhang Huike, anaondoka kwenda mjini kutafuta kazi, kwa kuwa mama yake ni mgonjwa na ana madeni. Wei anataka kumfuata lakini hana nauli. Ndipo anapouliza darasa: ikiwa tutabeba matofali katika kiwanda cha jirani, tubebe mangapi ili tupate nauli ya kwenda na kurudi? Watoto wanakimbilia ubaoni. Mmoja anazidisha, wa pili anagawanya, wa tatu anasahihisha. Mkuu wa kijiji anachungulia na kufurahi kwamba hesabu inafundishwa kweli kweli.

Huu ni mfano bora wa somo lililozaliwa na mahitaji ya wanafunzi. Hakuna zana ya thamani iliyotumika. Kilichokuwapo ni chaki, ubao, na swali ambalo jibu lake kila mtoto alilihitaji. Na tuangalie jambo moja zaidi: Wei alianza kumtafuta Huike kwa ajili ya zile yuan 10. Huko mjini, baada ya kusimama muda mrefu langoni mwa kituo cha televisheni akimwuliza kila apitaye, hatimaye anaketi mbele ya kamera na machozi yanamtoka. Hapo fedha imekwisha kusahauliwa. Kumtafuta mtoto ndiko kulikomfanya mwalimu.

Namna ya kuzitumia filamu hizi

Mapendekezo yafuatayo yamekusudiwa kwa vikundi vya majadiliano vyuoni na kwa masomo ya majaribio.

1. Lugha isiwe kikwazo. Filamu hizi huonyeshwa zikiwa na tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Palipo na wasioielewa tafsiri hiyo, mmoja ateuliwe kusimulia kwa Kiswahili, kama wafanyavyo wasimulizi wa vibanda vya video.

2. Filamu isimamishwe mahali pa uamuzi: picha inapokamatwa mkononi mwa Antoine, kikaratasi kinapochanwa, Huike anapokosekana. Kila mwanachuo aandike ungekuwa yeye angesema neno gani, kabla ya kuona kilichofuata.

3. Baada ya kutazama, kikundi kiandike orodha mbili: mambo ambayo mwalimu wa filamu aliyajua, na mambo ambayo watazamaji waliyajua. Kisha kijadiliwe kila jambo la orodha ya pili: mwalimu angelipata kwa njia gani? Kwa swali? Kwa kumtembelea mzazi? Kwa kumwuliza jirani wa dawati?

4. Kwa watoto wenyewe, filamu ya Kifaransa Le Ballon rouge ya Albert Lamorisse yafaa zaidi. Ni ya mwaka 1956, huchukua dakika zipatazo 34, ina maneno machache mno, na ilipata tuzo ya filamu fupi huko Cannes pamoja na Oscar ya utunzi. Watoto waweza kuisimulia kwa Kiswahili chao, kwa mdomo kwanza na kwa maandishi baadaye.

Tamati

Ndugu mwanachuo, filamu hizi hazikuhimizi ufute kanuni wala usamehe kila kosa. Zinakutaka utangulize swali kabla ya hukumu. Utakapoanza kazi utakuwa na rejista ya mahudhurio, na kila asubuhi utaweka alama mbele ya majina. Siku utakapoweka alama ya kutohudhuria kwa mara ya tatu mfululizo, usiigeuze karatasi kabla hujamwuliza jirani yake wa dawati mwenzake yuko wapi. Huenda jirani huyo analijua jibu tangu juzi, na amekuwa akingoja aulizwe.