Homa na Kikohozi: Njoo Uandikwe Daftarini

Mtu akishikwa na homa kijijini, jina la kwanza analolitaja ni malaria. Akifika zahanati husema, "Daktari, nina malaria, naomba dawa." Mimi si daktari, nina cheti tu, lakini tumezoea kuitwa hivyo. Namchoma kidole na kutia tone la damu kwenye kipimo. Tunasubiri. Kipimo kinaonyesha kuwa hana malaria. Hapo ubishi unaanza.

"Sasa hii homa ni ya nini?" Swali hilo ni zuri. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa huko Dar es Salaam na Ifakara. Malaria ilikutwa kwa mtoto kama mmoja katika kila kumi. Zaidi ya nusu walikuwa na ugonjwa wa njia ya hewa, yaani pua, koo au mapafu. Mahali penye mbu wengi hesabu inaweza kuwa nyingine. Kwa hiyo kupima ni lazima.

Moja ya magonjwa hayo ya njia ya hewa ni mafua makali. Wataalamu huyaita influenza. Si mafua ya kawaida. Mafua ya kawaida huja polepole. Pua inachuruzika, mtu anapiga chafya, lakini jembe bado analishika. Mafua makali huja ghafula. Asubuhi mtu yuko shambani, jioni amejifunika blanketi anatetemeka. Ana homa, kikohozi kikavu, kichwa kinauma, viungo vyote vinauma. Wengi hupona kwa muda wa juma moja hivi, ingawa kikohozi huweza kuchelewa kuisha.

Tunayajuaje? Zahanati nyingi za vijijini hazina kipimo cha mafua makali. Tena kumtazama mgonjwa mmoja hakutoshi, maana UVIKO-19 na magonjwa mengine huanza vivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani limetoa kanuni rahisi. Mgonjwa awe na homa ya nyuzi 38 au zaidi, awe na kikohozi, na ugonjwa uwe umeanza katika siku 10 zilizopita. Mgonjwa wa namna hiyo tunamshuku. Hatusemi kwa hakika kwamba ni mafua makali.

Hapo ndipo daftari linaposaidia. Tuchukue mfano. Tuseme zahanati yenu kwa kawaida hupata wagonjwa 4 au 5 wa homa na kikohozi kwa juma. Juma hili wamekuja 9. Juma linalofuata wamekuja 23. Wengi wanatoka kitongoji kimoja, wakubwa kwa wadogo, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Basi kuna ugonjwa unaoambukiza. Mhudumu humwarifu Mganga Mkuu wa Wilaya siku hiyo hiyo. Hasubiri taarifa ya mwisho wa mwezi.

Huko Ulaya mafua makali huja wakati wa baridi, na watu huyangoja. Kwetu, karibu na Ikweta, huweza kutokea mwezi wowote, hata wakati wa mvua malaria inapozidi. Kalenda haitatuonya. Ni hesabu itakayotuonya. Ndiyo maana sipendi kuona daftari limeandikwa "homa" tu, bila kueleza kama mgonjwa alikohoa au alipimwa.

Mwaka 2008 Tanzania ilianza kuyafuatilia mafua makali katika hospitali chache zilizochaguliwa. Katika kazi hiyo mgonjwa hupanguswa puani na kooni kwa kijiti chenye pamba. Kijiti hutiwa katika kichupa, huwekwa kwenye baridi, kisha hupelekwa maabara. Hawapimwi wagonjwa wote. Wachache hutosha kuonyesha ni virusi gani vinavyozunguka. Kazi hiyo ilianza kwa wakati mzuri, kwani mwaka 2009 aina mpya ya mafua makali ilienea dunia nzima kwa miezi michache.

Lakini asiyekuja hahesabiwi. Wengi hukaa nyumbani na kutuma mtoto dukani akanunue vidonge vya rangi mbili. Vidonge hivyo haviui virusi vya mafua. Wengine humeza dawa mseto iliyobaki ya mwaka jana. Homa ikishuka yenyewe, dawa hupewa sifa. Isiposhuka, siku tatu zimekwisha kupotea.

Siku tatu kwa mtoto mdogo ni nyingi. Mafua makali huweza kufuatiwa na kichomi, yaani nimonia. Mama, mtoto akiwa ametulia, halii, mfunue kifua. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima ukitazama saa. Mtoto wa miezi 2 hadi mwaka mmoja akipumua mara 50 au zaidi, mlete. Wa mwaka 1 hadi 5, mara 40 au zaidi, mlete. Aliye chini ya miezi 2 mwenye homa asisubiri hesabu yoyote. Kadhalika ukiona kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, au ana degedege, usingoje kuche. Wajawazito na wazee nao wawahi. Mtoto mwenye mafua makali asipewe aspirini, huweza kumdhuru.

Ukija na kikohozi, funika mdomo kwa kanga au kitambaa, ukae nje penye upepo, mbali kidogo na wenye watoto wachanga. Tutakuuliza mambo manne. Homa ilianza siku gani? Nyumbani wangapi wanakohoa? Umetoka safari? Umekwisha kumeza dawa gani? Hiyo ya mwisho usiifiche, hatukugombezi. Na kama hukumbuki tarehe, taja siku ya mnada au siku ya msiba wa jirani. Tutahesabu pamoja.