Si Miguu Ifundishayo

Wahenga walinena kwamba hujafa hujaumbika. Neno hilo twalitamka upesi tumwonapo mtu aendaye kwa magongo, kisha twapita zetu, kana kwamba yaliyompata yamekwisha kufunga hesabu ya maisha yake. Leo twapenda kuwapa wasomaji wetu habari za mtu mmoja aliyeikataa hesabu hiyo.

Judith Heumann alizaliwa Marekani mwaka 1947, akakulia Brooklyn, katika jiji la New York. Alipokuwa na umri wa miezi 18 alishikwa na ugonjwa wa polio, na tangu hapo hakutembea tena. Daktari aliwashauri wazazi wampeleke katika nyumba ya kulelea vilema. Wazazi wale, Wayahudi waliotoka Ujerumani ya Hitler na kupoteza jamaa zao huko, walikataa katakata. Alipotimiza miaka 5, mama yake alimpeleka shule ya jirani. Mwalimu mkuu akamrudisha, akisema kwamba kiti chake cha magurudumu kitaleta hatari moto ukizuka. Basi akawa anafundishwa nyumbani, saa 2 na nusu tu kwa juma, hata alipofikia umri wa miaka 9.

Yafaa jambo hili litazamwe vema. Ugonjwa ulimnyang'anya nguvu za miguu, haukumnyang'anya masomo. Masomo yalizuiwa na watu.

Alipomaliza chuo mwaka 1969 alitaka kuwa mwalimu. Alifaulu mtihani wa kuandika na wa kusema, akaangushwa katika ule wa afya, kwa hoja ile ile ya moto. Mwaka 1970 aliishtaki Halmashauri ya Elimu. Gazeti moja la huko lilikejeli kwamba mwenye polio aweza kuwa Rais lakini si mwalimu; maana Rais Franklin Roosevelt, aliyetawala toka 1933 hata 1945, alikuwa amepooza miguu. Kesi ilifika mbele ya Constance Baker Motley, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama za shirikisho nchini humo. Jaji huyo, ambaye hakuhitaji kuelezwa maana ya mlango uliofungwa, aliitaka Halmashauri ifikiri upya. Cheti kikatolewa, naye akafundisha miaka 3.

Mwaka 1977 yeye na wenzake zaidi ya mia moja walikaa ndani ya jengo la serikali mjini San Francisco kwa zaidi ya majuma 3, mpaka kanuni za kuwalinda walemavu zikatiwa sahihi. Baadaye alishika cheo kikubwa katika Wizara ya Elimu, toka 1993 hata 2001, kisha akawa mshauri katika Benki ya Dunia. Alifariki Machi 2023, mwenye umri wa miaka 75.

Wako watakaosema: hayo ni ya nchi tajiri. La hasha! Mteremko wa saruji penye mlango wa darasa ni kazi ndogo ya mwashi. Lililo ghali ni kumpoteza mwalimu, karani au mhasibu ambaye hakuwahi kuingia darasani kwa ajili ya ngazi tatu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010. Na mwaka 2020 bara letu lilitangazwa kuwa limeshinda virusi vya asili vya polio. Tushukuru, lakini waliopatwa kabla ya hapo wamo miongoni mwetu, watu wazima, wakitafuta kazi.

Kwa hiyo twasema: mzazi, usimfiche mtoto wako, mwalimu mkuu, usimrudishe, nawe mwajiri, umjiapo mtu mwenye magongo na cheti mkononi, kisome kwanza cheti.