Mwanga Usioiona Zinki

Anayenunua resini ya kusafishia protini hulipia kitu asichoweza kukitazama: kiasi cha metali ambacho mililita moja ya punje zake itashika. Mbinu hii ya kusafisha protini kwa metali aliitangaza Jerker Porath na wenzake mwaka 1975. Punje za agarosi hupachikwa molekuli zinazokamata nikeli, shaba au zinki, na metali hiyo nayo hukamata protini zenye histidini.

Njia ya zamani ya kupima ni ya moja kwa moja. Resini hushibishwa nikeli, huoshwa, kisha nikeli yote hung'olewa kwa EDTA, kemikali inayokamata metali, na kupimwa. Jibu huaminika, lakini hula muda na kuacha maji machafu yenye nikeli ambayo hakuna mwenye akili atakayeyamwaga kwenye sinki.

Mwanga wa infraredi ya karibu, wa nanomita 780 hadi 2500, hauhitaji kung'oa chochote. Sampuli humulikwa, na muda si mrefu spektra imepatikana. Ila tuulize mwanga huo umeona nini. Hasa umeona maji, yanayofyonza kwa nguvu karibu na nanomita 1450 na 1940, na nyuma yake minong'ono ya vifungo vya hidrojeni na kaboni au naitrojeni. Nikeli ina mkanda wake hafifu huko. Zinki haina hata huo. Kwa hiyo uwezo wa kushika metali haupimwi, unakisiwa kutokana na molekuli zilizopachikwa na jinsi maji yanavyokaa kandokando yake.

Ukisiaji huo ni kazi ya hesabu, mara nyingi ile ya PLS (partial least squares) iliyoanzishwa na Herman Wold. Hesabu hufundishwa kwa sampuli ambazo tayari zimepimwa kwa EDTA, na hivyo hurithi makosa yote ya mwalimu wake. Kiwanda kikibadilisha ukubwa wa punje, au resini ikifika ikiwa kavu kidogo, kompyuta haitasita: itatoa namba, tena yenye desimali tatu.

Faida kubwa ya mwanga huu iko kiwandani, wakati molekuli zinapopachikwa na bado kuna nafasi ya kurekebisha. Hapo kadirio la sasa hivi lina thamani zaidi kuliko jibu sahihi la kesho. Kwenye cheti anachopewa mnunuzi, ningetaka namba ya EDTA.