Betri ya Jua na Ukungu wa Mpale
Huko Mpale, wilayani Korogwe, ukungu wa milima ya Usambara huweza kulificha jua siku kadhaa mfululizo. Betri ya risasi na asidi hutoa umeme usiku, lakini mchana hairudishiwi wote. Hapo ndipo madhara huanza: salfeti ya risasi iliyojengeka juu ya mabamba hugeuka fuwele ngumu, zisizoyeyuka tena kwa chaji ya kawaida. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia huonyesha volti 12.7 hivi; ikishuka hadi 12.2, nusu ya akiba imekwisha. Taa yafaa izimwe, hata kama mwanafunzi hajamaliza kusoma. Kuijaza kwahitaji volti 14.4 hivi, mahali penye hewa, kwani haidrojeni itokayo hulipuka kwa cheche.